Kupima na Kukata Miraba ya Kwilti Ikatoka Yote Sawa: Mwongozo Kamili

Chukua mstari mmoja wa kwilti, yaani tandiko la viraka vya kitambaa vilivyoungwa, wenye miraba 9. Kila mraba umezidi milimita 1, kiasi ambacho jicho halikikamati. Ukishaunga mstari mzima, umezidi milimita 9. Mstari unaofuata, kila mraba wake umepungua milimita 1. Sasa una mistari miwili ambayo kona zake zilitakiwa zikutane, kumbe mwishoni imepishana milimita 18, karibu sentimita mbili. Utavuta, utabana pini, utapiga pasi mpaka uchoke, na bado kitambaa kitafura katikati. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba cha makosa.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niamini kwamba miraba kulingana yenyewe kwa yenyewe ni jambo kubwa kuliko kufikia namba iliyoandikwa kwenye mchoro. Miraba 99 iliyopungua yote kwa kiasi kilekile itakupa kwilti ndogo kidogo, lakini kona zitakutana safi. Miraba 99 ambayo nusu imezidi na nusu imepungua haitakupa kitu cha kuonyesha mtu. Kwa hiyo mengi utakayosoma hapa yanahusu kufanya jambo lilelile kwa namna ileile, tangu mraba wa kwanza hadi wa mwisho.

Hesabu kwanza, kitambaa kikiwa bado kimekunjwa

Mraba una vipimo viwili: kipimo cha kukatia, na kipimo kitakachoonekana ukishashona. Kinachovitenganisha ni akiba ya mshono. Kwenye kwilti akiba iliyozoeleka ni robo inchi kila upande, yaani milimita 6.35. Ni ndogo kuliko ile inayoachwa kwenye nguo, kwa sababu mishono ya kwilti ni mingi, na kitambaa kinachobaki nyuma yake huongeza uzito na kufanya juu pasilale vizuri. Robo kushoto na robo kulia ni nusu inchi. Ukitaka mraba uonekane na inchi 4, unakata inchi 4½. Ukitaka inchi 6, unakata 6½.

Wanaofanya kazi kwa sentimita wengi huacha milimita 7.5 kila upande, hivyo mraba wa sentimita 10 unakatwa sentimita 11.5. Mfumo wowote ni sawa, mradi usiuchanganye na mwenzake. Mtu akikata kwa sentimita, kisha akashona kwa mguu wa cherehani uliotengenezwa kwa robo inchi, miraba yake italingana, lakini kila mmoja utabaki mkubwa kwa zaidi ya milimita 2. Akija kuunga mpaka wa pembeni alioukata kwa hesabu ya karatasi, haufiki.

Sasa kiasi cha kitambaa. Hapa watu hukosea kwa kugawanya eneo kwa eneo, wakasahau kwamba theluthi ya mraba si mraba. Hesabu kwa kanda, yaani vipande virefu vinavyokatwa kwa upana wote wa kitambaa kabla ya kugawanywa miraba. Tuseme unataka kwilti ya mtoto mchanga, miraba 9 kwenda pembeni na 11 kwenda chini, kila mmoja ukionekana na inchi 4. Hiyo ni miraba 99, na sehemu ya viraka itakuwa inchi 36 kwa 44. Kitambaa cha pamba cha kwilti mara nyingi huwa na upana wa inchi 44 au 45, lakini ukishakifua na kuondoa kingo zake nzito za kiwandani za pembeni, jihesabie 42. Gawanya 42 kwa 4½ upate 9 na kisehemu. Hicho kisehemu kisahau. Kila ukanda unatoa miraba 9, kwa hiyo unahitaji kanda 11. Kanda 11 mara inchi 4½ ni inchi 49½, karibu sentimita 126. Ongeza cha kunyooshea kingo, cha kurudi kwenye maji na cha kuharibika, nunua mita moja na nusu.

Kama ni rangi mbili zinazopokezana, unahitaji miraba 50 ya moja na 49 ya nyingine. Kila rangi inataka kanda 6, inchi 27, chini kidogo ya sentimita 69. Sentimita 85 za kila rangi zinatosha bila roho juu.

Kufua, kukausha, wanga na pasi

Pamba hurudi ikifuliwa mara ya kwanza, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5, na vitambaa viwili tofauti havirudi sawa. Ndiyo maana ninapendelea kufua kabla ya kukata. Wapo washonaji hodari wasiofua kabisa kwa sababu kitambaa kipya kina ugumu wa kiwandani unaosaidia wakati wa kukata, na mikunjo midogo inayotokea baada ya kufua kwilti iliyokamilika wao wanaipenda. Sina ugomvi nao. Ninachokataa ni kufua kimoja na kuacha kingine kwenye kazi moja.

Rangi nyekundu, nyeusi na buluu iliyokolea zijaribu kwanza: sugua kona kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Kikichukua rangi, fua tena peke yake mpaka maji yawe safi.

Anika, kisha piga pasi kitambaa kikiwa bado na unyevu kidogo. Hapa kuna tofauti ya kunyoosha na kusukuma. Ukisukuma pasi huku na huku, hasa kwa mshazari, unavuta nyuzi na kitambaa kinapinda bila wewe kujua. Weka pasi, bonyeza, inua, sogeza, weka tena. Ukimaliza, nyunyiza wanga mwepesi, subiri uingie ndani ya kitambaa, ndipo urudishe pasi. Ukipiga pasi wanga ukiwa umekaa juu juu, utaacha magamba meupe na kuchafua pasi. Kitambaa chenye wanga hakitelezi chini ya rula, hakijikunji kwenye kisu, na kingo zake hazifumuki haraka. Ila wanga unakuja kabla ya kukata, si baada. Mraba uliokwisha kukatwa ukiloa na kupigwa pasi, kipimo chake kimeshakwenda.

Kujua nyuzi zinaelekea wapi

Kitambaa kilichofumwa kina mtande, nyuzi zinazokwenda kwa urefu sambamba na kingo nzito, na mshindio, nyuzi zinazokatiza kutoka ukingo hadi ukingo. Mtande hauvutiki karibu hata kidogo. Mshindio unavutika kidogo. Hanamu, yaani kwa mshazari wa digrii 45, kunavutika sana. Mraba mzuri ni ule ambao pande zake zinafuata mtande na mshindio. Mraba uliokatwa ukaenda hanamu hata kidogo tu unaweza kuwa na inchi 4½ kamili mezani, na ukifika chini ya mguu wa cherehani ukawa na 4⅝.

Namna rahisi ya kupata mstari wa mshindio ni kuchana. Kata mpasuo mdogo kwenye ukingo mzito, kisha chana kwa mikono mpaka ukingo wa pili. Pamba iliyofumwa kwa ufumaji wa kawaida itachanika ikifuata uzi mmoja. Sehemu iliyochanika huwa imevutika na kujikunja kama sentimita 1 hivi. Hiyo utaiondoa kwa kisu, kazi yake ilikuwa kukuonyesha njia tu. Kitambaa kisichokubali kuchanwa, vuta uzi mmoja wa mshindio taratibu mpaka uache mstari mwembamba, ukate juu ya mstari huo.

Baada ya hapo, kunja kitambaa ukingo kwa ukingo, ukishike mbele yako kining'inie. Tazama mkunjo wa chini. Kama una mawimbi, sogeza ukingo mmoja kushoto au kulia kidogo kidogo, kingo zikiendelea kuwa sambamba, hadi mkunjo ulale bila wimbi. Ncha za kitambaa zinaweza zisikutane tena. Ziache. Watu wengi hulazimisha ncha zikutane, na hapo ndipo kazi nzima inapoharibikia: kila ukanda utakaokata utakuwa na kipembe katikati, mahali palipokuwa na mkunjo, ukifungua unaona herufi V iliyolala.

Vifaa: kisu, rula na mkeka

Kisu cha gurudumu, chenye wembe wa duara unaozunguka kwenye mpini, kililetwa sokoni na kampuni ya Olfa ya Japani mwaka 1979. Kwa miraba chukua wembe wa milimita 45. Wa 28 unafaa mikato ya kupinda, na wa 60 unakata tabaka nyingi lakini ni mzito kuuongoza kwenye vipande vidogo. Wembe ukianza kuacha nyuzi bila kukata, au ukijikuta unapita mara mbili mahali pamoja, badilisha. Ukiona nyuzi zisizokatwa zinajirudia kila baada ya sentimita 14 hivi, wembe wako wa 45 una pengo, pengine ulipita juu ya pini. Sentimita 14 ndio mzunguko wake mmoja, kwa hiyo pengo lilelile linarudi pale pale.

Rula iwe ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, yenye unene wa kama milimita 3, upana wa inchi 6 na urefu wa inchi 24, ili ivuke kitambaa kilichokunjwa mara moja. Ukiweza, ongeza ya mraba ya inchi 6½ au 12½. Kabla ya kuanza kazi, zilinganishe: weka moja juu ya nyingine uone kama mistari inaoana. Rula za watengenezaji tofauti zinaweza kupishana unene wa mstari, na ukikata nusu ya miraba kwa hii na nusu kwa ile, umerudi kwenye ile hesabu ya mwanzo. Kazi moja, rula moja. Futi ya kamba inafaa kupima kitanda na kiuno. Mraba wa kwilti usiupime nayo, kwa sababu inajipinda na ikizeeka inarefuka.

Mkeka wa kukatia una mistari pia. Itumie kukusaidia kulaza kitambaa wima, basi. Kupima pima kwa rula. Mistari ya mkeka hufutika na hukatwakatwa, na mkeka wenyewe hujikunja ukipata joto, kwa hiyo usipige pasi juu yake wala usiuache juani.

Meza iwe na kimo cha kukuruhusu kusimama bila kuinama. Kwa wengi ni karibu sentimita 90. Kusimama si suala la mgongo peke yake. Rula ina unene, na ukiitazama kutoka pembeni, mstari wake unaonekana umesogea. Jicho lazima liwe juu ya mstari moja kwa moja, na ukiwa umekaa haliwezi.

Kunyoosha ukingo wa kwanza

Maelezo haya ni ya anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze kila kitu.

Laza kitambaa kilichokunjwa mara moja, mkunjo ukiwa upande wako, kingo nzito juu, na sehemu kubwa ya kitambaa ikielekea kulia. Unaweza kukunja tena mara moja upate tabaka nne, ila jihadhari, kila mkunjo ni nafasi nyingine ya V. Zaidi ya tabaka nne siendi.

Chukua rula ya mraba, ilaze karibu na ncha ya kushoto ya kitambaa, mstari wake mmoja ukiwa juu ya mkunjo sawasawa. Sasa sogeza rula ndefu iguse ubavu wa kushoto wa ile ya mraba, ikiwa imevuka kitambaa chote kutoka juu hadi chini. Bonyeza rula ndefu, ondoa ya mraba. Rula ndefu sasa imesimama wima kamili juu ya mkunjo, imefunika ile ncha mbovu. Pitisha kisu ubavuni mwake kulia. Kinachobaki kulia ni kitambaa chenye ukingo ulionyooka, na hujakigusa wala kukigeuza.

Namna ya kushika: tandaza vidole vya mkono wa kushoto juu ya rula, kidole cha mwisho kikishuka na kuegemea kitambaa nje ya rula, upande usiokatwa. Hicho ndicho breki. Mkono ukibonyeza upande mmoja tu, ncha ya pili ya rula huzunguka, na ukanda unatoka mpana huku na mwembamba kule. Kata kwenda mbele, kuelekea mbali na tumbo lako, wembe ukiwa umesimama wima na kuegemea rula. Kisu kikifika usawa wa vidole, simamisha bila kukiinua, tembeza mkono mbele, endelea. Kila ukikitua, funga wembe. Hii ifanye tabia hata kama kazi inakimbia. Wembe huu haukwaruzi, unakata mpaka mfupani.

Rula ikiendelea kuteleza, bandika vipande vidogo vya msasa laini kwenye kona zake kwa chini.

Kanda, kisha miraba

Sasa rula inalala juu ya kitambaa, si juu ya takataka. Isogeze kulia mpaka mstari wa inchi 4½ ukae juu ya ukingo ulionyooka, na mstari mmoja wa kukatiza ukae juu ya mkunjo. Mistari miwili, mahali pawili. Ukitazama ukingo peke yake utapata upana sahihi na pembe mbovu.

Mstari wa rula wenyewe una unene. Je, ukingo wa kitambaa ukae kushoto kwa mstari, chini yake, au kulia? Mimi hutaka mstari wote ulale juu ya kitambaa, ukingo ukionekana kwa uzi mmoja tu nje yake. Mwingine hufanya vinginevyo na kazi yake inatoka nzuri. Chagua namna moja, ukae nayo mpaka mraba wa mwisho.

Kata. Ondoa ukanda, sogeza rula, kata tena. Baada ya kanda tatu au nne, simama. Fungua ukanda wa mwisho, uweke kando ya rula kwa urefu wake wote, uangalie pale katikati. Ukiona V inaanza kujitokeza, hata ya nusu milimita, nyoosha ukingo upya kwa zile rula mbili. Utapoteza kipande chembamba cha kitambaa, nayo ni hasara ndogo kuliko ukanda mzima.

Kugeuza ukanda kuwa miraba ni kazi nyepesi zaidi. Lakini isifanywe kwa kujisahau. Ulaze ukanda ukiwa bado umekunjwa, kingo nzito upande wa kushoto. Kata sehemu hiyo kwanza, kiasi cha nusu inchi au zaidi, mpaka uione yote imeondoka, vile vitundu vya kiwandani pamoja na maandishi. Ufumaji wake ni mzito na ukiingia kwenye mshono utavuta kwilti. Kisha weka rula ya mraba: mstari wa inchi 4½ juu ya ukingo mpya, na mstari mwingine wa 4½ juu ya upande mrefu wa ukanda. Kama pande zote mbili zimekaa, mraba utatoka na pembe za digrii 90. Kama upande mmoja umekaa na mwingine umeachana, tatizo liko kwenye ukanda, na kusukuma rula hakutaliondoa. Nyoosha ncha, uanze tena.

Ukiwa na mkasi tu

Kabla ya kisu cha gurudumu kufika, kwilti zilikatwa kwa mkasi na patani, yaani kiolezo cha kuchorea, na kona zilikutana. Njia hii ni ya polepole, na kwa kushona kwa mkono mimi naiona bora, kwa sababu unaweza kuchora mstari wa kushonea pamoja na wa kukatia.

Patani ndiyo inayoamua kila kitu. Ya kadibodi inachakaa. Kila kalamu inapopita ubavuni inamega kidogo, na kona zinaanza kuwa duara. Kwa miraba michache inatosha. Kwa miraba mingi, kata patani kwenye plastiki ngumu bapa, au tengeneza kadibodi kadhaa kwa wakati mmoja kutoka patani moja mama, ubadilishe kila baada ya miraba 20 hivi. Ile patani mama isichorewe kitambaa kamwe.

Geuza kitambaa upande wa ndani, ukilaze juu ya msasa laini ili kisisogee. Tumia penseli iliyochongwa kali, uilaze kidogo ili ncha iguse ubavu wa patani. Chaki ya fundi ni nene mno kwa kazi hii. Mstari wake unaweza kufika milimita 2, na hutajua ukate upande gani. Hata mstari wa penseli una ndani na nje. Mkasi upite nje kidogo ya mstari, au juu yake, au ndani, ila isiwe leo hivi na kesho vile.

Unapokata, usiinue kitambaa kukipeleka kwenye mkasi. Ubapa wa chini wa mkasi utelezeshe juu ya meza, ukate kwa mikupuo mirefu bila kufunga ncha mpaka ufike kona. Tabaka moja, au mbili zikibanwa pini. Na mkasi uliokata karatasi usije hapa.

Kukagua kabla ya kushona

Kata miraba mitatu tu ya kwanza, uishone kwa mstari mmoja, upige pasi, upime. Miraba mitatu ya 4½ ikiungwa inatakiwa iwe na inchi 12½ kutoka ncha hadi ncha, na ule wa katikati uonekane na inchi 4 kamili. Ukipata 12⅜, kabla hujalaumu ukataji, tazama mshono. Kitambaa kinapokunjwa juu ya uzi wa mshono, unene wake hula sehemu ya kipimo, ndiyo maana washonaji wengi hushona uzi mmoja au miwili ndani ya robo inchi. Sogeza sindano au kielekezi, ujaribu tena na vipande vingine. Ukikipata kipimo hapo, endelea kukata.

Mraba unaweza kuwa na pande nne sawa na bado usiwe mraba, ukawa umeegemea upande. Dawa yake ni kupima kona kwa kona. Mishazari miwili lazima ilingane, na kwa mraba wa inchi 4½ kila mmoja uwe na inchi 6⅜ hivi, maana mshazari wa mraba ni upande mara 1.414. Huhitaji kupima yote. Panga miraba kumi kumi, gonga rundo mezani kwa pande mbili, kisha litazame kwa ubavu. Uliozidi utajitokeza, uliopungua utaacha shimo. Uliozidi urudishe chini ya rula. Uliopungua kwa zaidi ya milimita 1 usiuvute. Utatoa miraba midogo kwa kazi nyingine.

Na kama miraba yote imepungua kwa kiasi kimoja? Basi hicho ndicho kipimo chako kipya. Kata iliyobaki ifanane nayo, na ubadilishe hesabu ya mpaka.

Miraba inayogeuzwa pembetatu

Ukitaka mraba wenye pembetatu mbili za rangi mbili, usiongeze nusu inchi, ongeza ⅞. Kwa mraba utakaoonekana na inchi 4, kata miraba miwili ya 4⅞, ichore mshazari mmoja, shona robo inchi kila upande wa mstari huo, kata juu ya mstari. Unapata miraba miwili. Hiyo ⅞ inatokana na akiba ya pande mbili pamoja na akiba ya mshazari: robo mara 3.41 ni 0.85, ikapandishwa hadi alama iliyo karibu kwenye rula. Mimi huongeza inchi 1 nzima, nikakata 5, nikashona, kisha nikapunguza mpaka 4½ kwa kuweka mstari wa digrii 45 wa rula juu ya mshono. Ni hatua moja zaidi, lakini upande wa hanamu huwa umeshavutika wakati wa kushona, na kupunguza ndiko kunakourudisha kwenye mstari. Kwa mraba wa pembetatu nne ongeza inchi 1¼.

Michoro inayobisha na vipande vya masalia

Kitambaa chenye mistari au mirabaraba iliyochapwa mara nyingine kimechapwa kikapinda, mchoro ukaachana na nyuzi. Ufuate upi? Kama tofauti ni ndogo, fuata mchoro. Mtu akitazama kwilti ukutani anaona mstari, haoni mtande. Kata tabaka moja moja, rula ikiwa juu ya mstari wa mchoro, na uweke wanga mwingi zaidi kwa sababu pande zitakuwa na hanamu kidogo. Kama tofauti ni kubwa, kitambaa hicho kipeleke kwenye kazi nyingine.

Masalia hayana ukingo mzito wa kukuonyesha mtande. Kishike kipande kwa mikono miwili ukivute kwa ghafla: upande wa mtande hautoi nafasi na hulia kwa sauti kali, mshindio hulia mzito na kulegea kidogo. Kipige pasi na wanga, nyoosha upande mmoja kwa kufuata uzi, kisha ukate mraba mkubwa kuliko yote unaoweza kutoka. Kikibaki cha kutosha, chukua wa 2½, na kinachofuata 1½.

Miraba iliyokatwa ihifadhi bapa, kumi kumi, kila rundo likiwa na karatasi yenye kipimo. Isipekuliwe sana, maana kila mkono unaoipitia unafumua uzi, na usiifue hata ikipata vumbi. Ikungʼute tu.